Pua ya Mwonjaji

Kiwandani walimwita Mzee Pua, na hakuna aliyelitamka jina hilo kwa dharau. Kazi yake ilikuwa kuonja chai kabla haijafungwa: avute harufu, afyonze kijiko kimoja, ateme, aseme hii ipite, ile irudi. Nyumbani mkewe alipika kila kitu, lakini chai hakuthubutu. Chai ilikuwa ya mzee.

Kisha yakampata mafua mazito, na yalipoondoka yakaondoka na harufu zote. Alikata limau, akalisogeza puani. Patupu. Akajikaza kisabuni, asimwambie mtu. Kazini akawa anahukumu chai kwa rangi na kwa kuchungulia nyuso za wenzake. Wakikunja uso, naye anakunja.

Jumamosi moja dada yake alikuja kuwatembelea. Mzee Pua akaingia jikoni kama kawaida. Alichemsha maji mapya, akasuuza buli kwa maji ya moto lipate joto, akatia majani, kijiko kwa kila kikombe, akamimina maji yangali yakitokota, akafunika. Akangoja majani yafunguke na kutua chini, ndipo akachuja. Rangi ilitoka nyekundu, safi, ya kutamanisha. Akabeba sinia kifua mbele.

Dada alipiga funda moja, akatua kikombe.

"Kaka, umetutilia mafuta ya taa?"

"Mafuta gani tena?"

"Wifi, hebu onja. Au ni ulimi wangu?"

Mkewe hakuwa na haja ya kuonja. Kikombe chake kilikuwa kimeshafika nusu.

"Kopo la majani linakaa wazi kando ya dumu la mafuta ya taa," alisema taratibu. "Limeshanyonya harufu yote."

"Na wewe unakunywa tu!" dada akashangaa.

"Nilikuwa namsubiri aniambie mwenyewe."

Mzee Pua alihisi masikio yakimwaka moto. "Kumbe ulikuwa unanipima! Ndani ya nyumba yangu!"

"Nikupime nini, baba watoto? Chai hii nimeinywa kila asubuhi nisikuaibishe. Wewe ndiye uliyeniona mtu baki."

Dada akakumbuka ghafla kwamba ana mgonjwa wa kumjulia hali, akachukua mkoba wake na kuaga.

Jumatatu Mzee Pua alimfuata meneja, akamweleza yote. Meneja alifumba macho, pengine akiwaza chai yote iliyopita kwa neno la mtu asiyenusa. Hakumfukuza, ila meza ya kuonjea akapewa mwingine, naye akapelekwa stoo kusimamia magunia. Daktari hakumfariji: huenda harufu ikarudi, huenda isirudi.

Jioni hiyo akapika chai kwa majani mapya, akamwekea mkewe kikombe mbele.

"Inanukiaje?"

Mkewe alivuta pumzi, akafikiri mpaka paji la uso likakunjamana. "Inanukia... chai."

"Chai tu? Miaka yote umeolewa na mwonjaji, unaniambia chai tu?"

Mkewe akaangua kicheko, naye akacheka, lakini kicheko chake kikakatika katikati. Aliinamia buli. Mvuke ulimlowesha uso, basi.

"Jaribu tena," alisema. "Kuna moshi? Kuna ubichi wa nyasi? Nieleze, mke wangu."

Mkewe akakisogeza kikombe karibu, akafumba macho, akaanza kutafuta maneno.