Mkebe wa Baruti za Marehemu

Ukoo wa mzee Thuwaini, pale Ibra, ulikuwa na ada yake. Mwanamume wa nyumba akifa, baruti aliyoiacha haiuzwi wala haitupwi. Humiminwa katika mkebe mmoja wa bati, juu ya ile ya waliomtangulia, na ikija harusi, maganda ya kwanza ya risasi, ya shaba, hujazwa kutoka humo. Ni risasi za salamu tu, hazina chuma, zimezibwa kwa karatasi. Lakini zikilia, mzee husema, ni wazee wetu hao wanampongeza bwana harusi.

Turkiya, mjukuu wake, aliipenda ada hiyo tangu utotoni. Aliuogopa mkebe kwa mara ya kwanza alasiri ile alipofika kutoka Nizwa kwa harusi ya kaka yake Sinan, akaingia kumwamkia babu katika nyumba kuukuu ya udongo alimofanyia kazi yake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mama. Rudisha mlango, upepo utanipeperushia mali yangu."

Hapakuwa na upepo. Mzee alikuwa amekaa mkekani, mizani ya sonara mbele yake, maganda matupu yamesimama safu. Ukutani ilipangwa mikebe aliyoikusanya umri wake mzima, kwa wajane wa Sur na wachungaji wa Dima wa Tayyin: baruti za viwanda vilivyokwisha kufungwa, majina yamefutika kwa kutu. Kila moja ilikaa peke yake. Za marehemu tu ndizo zilizochanganywa.

Harufu ilimpata Turkiya kabla hajakaa, kali, kama achari iliyochacha. Kitambaa kilichoufunga mkebe wa marehemu kilikuwa kimeliwa, kinaning'inia nyuzi nyuzi. Chini ya kifuniko ulitoka mvuke wa rangi ya kahawia, mwembamba, ukapanda na kupotea. Kisha ndani yake kukasikika kitu, kidogo sana, kama mtu anayejikohoza kabla ya kusema.

"Umesikia?" Babu alitabasamu. "Wanazungumza hao. Tangu nilipowatilia ya Abdullatif."

Abdullatif alikuwa mdogo wake, aliyetoka naye Tabora kuhamia nchi ya babu zao, njiani wakilala shuka moja. Walimzika mwezi wa Shaabani.

Turkiya alifanya kazi maabara, kwenye kiwanda cha maji. Alijua kwamba baruti kongwe huoza, ikatoa asidi, asidi ikaipasha joto, na joto likazidi kuiozesha. Alijua pia kwamba ukichanganya iliyooza na nzima, mbovu huiharibu nyenzake. Mkebe ule haukufaa kuguswa kwa kijiko.

"Babu, hii imeoza. Twende nje, tafadhali."

"Inayooza ni mihogo. Hao walimu wenu wa Nizwa wamekusomesha miaka yote hiyo uje kuogopa bati?"

"Wallahi sikutanii. Weka mkono karibu, usiuguse, utaona mwenyewe."

Alijuta papo hapo. Mzee aliweka kiganja juu ya kifuniko, akakiacha pale pale, na uso wake ukalegea.

"Una joto," alisema polepole. "Nilimwosha Abdullatif kwa mikono yangu hii, Turkiya. Alikuwa baridi, baridi ya kisima. Sasa ana joto."

Akachukua kijiko.

Ndipo Turkiya alipotambua kwamba ushahidi wake umekuwa ushahidi wa babu. Kila atakalolisema sasa, asidi, joto, mvuke, kwa mzee lingekuwa ni habari ya roho. Uani Sinan alikuwa akicheka na binamu zake, wanasugua bunduki. Kucha za mzee zilikuwa zishaingia chini ya kifuniko.

"Babu," alisema, akaishusha sauti. "Wote uliopiga baruti zao kwenye harusi walikuwa baridi. Huyu unasema ana joto. Mtu aliye hai utamtia moto?"

Kijiko kilisimama hewani. Ndani ya mkebe mtu alijikohoza tena.

Mzee alikiweka chini kwa uangalifu, akauinamia mkebe, akausemesha kama anavyosemeshwa mgonjwa aliyelala. "Haya, ndugu yangu. Pumzika. Kesho tutapiga za dukani." Kisha akampa Turkiya mkono, akainuka.

Mlangoni alitaka kurudi kuchukua kofia yake. Turkiya alimshika mkono wa kanzu asimwachie. Walivuka ua, Turkiya akiwaashiria Sinan na wenziwe watoke, huku akitafuta simu yake awaite polisi; ndipo chumba nyuma yao kikawaka.

Hapakuwa na mshindo. Ilisikika pumzi ndefu, kama ya mtu aliyekuwa ameibana. Dirisha likawa la manjano, kisha jeupe, na moshi wa rangi ya chungwa ukatambaa juu ya ukuta. Mikebe mingine ikafuata, ikipasuka mmoja mmoja. Magogo ya mitende ya paa yakaporomoka. Hakuumia mtu.

"Wamenisubiri nitoke," mzee alisema.

Turkiya angeweza kumweleza kwa nini mkebe uliwaka. Kwa nini uliwaka wakati ule, wala si kiganja kilipokuwa juu yake, hilo hakulijua, na hakuna maabara ambayo angeipelekea swali hilo. Alimsogeza babu upande wa mbali na moshi. Pale, kwa sauti ndogo, akaanza kuwaombea rehema waliokuwamo mkebeni, jina kwa jina, na mzee akawa anamkumbusha aliowasahau.