Kizibo cha Upande wa Kushoto

Katika mkahawa wa Hassan, karibu na soko la Kakamega, meza ya dirishani haikuwekwa chai Jumamosi asubuhi mpaka timu ipangwe kwanza. Timu yenyewe ilikuwa vizibo vya soda. Hassan, Mwislamu mcheshi kutoka Mumias, aliviweka katika kopo la majani ya chai, na kila Jumamosi alivimwaga juu ya meza kwa heshima ya mtu anayetandika mkeka.

Sheria za meza ile ziliwekwa na Mwalimu Cornelius Shikanga, mwalimu mkuu mstaafu na mwenyekiti wa mashabiki wa Isiukhu Stars. Matusi yalikatazwa. Watu wawili hawakuruhusiwa kusema kwa pamoja. Na kizibo cha mchezaji aliyekuja kwa mkopo kililazwa chali, meno juu, ili mashabiki wasisahau kwamba huyo si wao na msimu ukiisha atarudi alikotoka.

Msimu ule vizibo viwili vililala chali. Kimoja kilikuwa langoni, nacho kilikuwa cha kipa Kipngeno, kijana mrefu kutoka Kericho. Cha pili kilikuwa cha Sydney, winga wa kushoto, aliyeletwa na klabu kubwa ya Nairobi aje kukomaa. Huyo alikuwa mjukuu wa Mwalimu Shikanga.

"Mfumo ni nne-tatu-tatu," alisema Wekesa, mpigaji wa isukuti, ngoma ya mashabiki. Alisukuma kizibo cha Sydney hadi karibu na bakuli la sukari. "Huyu tunamwacha hapa juu. Si mnaona vile anakimbianga? Ni kama amemwagiwa maji moto. Wazee wangu, hii nne-nne-mbili tuiache, ilikuwa ya wakati wa redio za mbao."

"Wewe ukienda choo unarudi ukihema," alisema Namalwa, muuza vitambaa, ambaye filimbi yake ilijulikana uwanja mzima. "Utatufundisha nini juu ya kukimbia?"

Watu walicheka. Hata kocha Cherono, aliyeketi pembeni na mandazi yake, alitabasamu. Kocha alizoea kusema kwamba alifuata chai tu, lakini kila mtu alijua kwamba macho yake hayakuwa katika kikombe.

"Mwalimu, tukate shauri," alisema Hassan. "Na huyu ni damu yako."

Mwalimu Shikanga alirekebisha tai yake.

Alikuwa amemwona Sydney mazoezini katika uwanja wa Bukhungu. Alisimama nyuma ya ukuta asionekane, akamtazama kijana akiupokea mpira kwa mguu wa kushoto bila kuuangalia, akiutuliza, kisha akiupeleka mahali ambapo mwenzake alikuwa bado hajafika. Siku ile alirudi nyumbani Sigalagala akiimba kwa sauti ya chini, naye mkewe Emily alimuuliza kama alikuwa mzima. Alijua, kama anavyolijua jina lake, kwamba nafasi ile ya kushoto haikuwa na mwenyewe mwingine.

Lakini Cornelius Shikanga alikuwa mtu ambaye, alipokuwa mwalimu mkuu, mwanawe akichelewa shuleni alimwadhibu kabla ya watoto wa wengine, mbele ya shule nzima. Hakuna aliyewahi kusema kwamba Shikanga aliwakatia wa nyumbani kwake kipande kikubwa. Alipowatazama watu wa meza ile wakimngoja, alisikia tayari maneno ambayo hawakuwa wamesema: mwalimu anapanga timu ya ukoo wake.

"Kwa kuwa ni damu yangu," alisema, "nitasema bila kumung'unya maneno. Kijana yule hana kifua. Ana mbwembwe nyingi. Isitoshe, amekuja kupita tu, na hatuwezi kumjengea mpita njia mfumo mzima wa timu. Tucheze nne-nne-mbili. Kushoto asimame Bilal, ambaye ni wetu."

Akakitwaa kizibo cha mjukuu wake, akakitoa katikati ya vingine, akakiweka ukingoni mwa meza.

"Wallahi, huyu ni mwanamume," alisema Hassan.

Namalwa hakusifu. "Mwalimu, kwani huyu mtoto alikukosea wapi?"

Wekesa alikuwa ameinua simu yake usawa wa uso. Mwalimu, ambaye simu yake ilikuwa ya kupiga na kupokea tu, alidhani kijana yule anatafuta mtandao. Kocha Cherono alimaliza chai yake, akaaga, akatoka. Kesho yake Sydney aliketi benchi.

Akakaa huko. Miezi ilipita, na Isiukhu Stars walishinda kidogo, wakafungwa kidogo, wakatoka sare mara nyingi. Mwalimu Shikanga alihudhuria kila mechi akiwa na koti na tai. Watu waliompita jukwaani walimpa mkono kwa heshima ya pekee, wakiambiana kwamba wazee wa namna ile wamekwisha. Naye alizipokea sifa hizo akiwa amenyoosha mgongo, huku jicho lake likiiba mtazamo kuelekea benchi, ambako kijana wake alikuwa akifunga na kufungua kamba za viatu.

Hata malazi alikuwa amemnyima. Sydney alilala Lurambi katika nyumba ya timu, pamoja na Kipngeno na wengine, ingawa chumba chake cha utotoni kilikuwa wazi.

"Kitanda kipo, blanketi lipo," Emily alimwambia mumewe. "Kwa nini mtoto akalale na wageni?"

"Ili asisemwe."

"Na nani?"

Mwalimu alichukua kofia yake, akaenda kuangalia mahindi.

Jumapili zisizo na mechi Sydney alikuja kuwasalimu. Aliketi na babu yake barazani, wakazungumza juu ya mahindi, juu ya mvua, juu ya ng'ombe aliyekataa kunyonyesha. Mara nyingine kijana alinyamaza ghafla, akamtazama babu yake kama mtu anayengoja kumaliziwa sentensi. Mwalimu alikohoa, akarudi kwenye mahindi.

Mechi ya mwisho ya msimu, Bilal aliumia goti, na kocha hakuwa na mwingine. Sydney aliingia. Mguso wake wa kwanza uliwapita mabeki wawili. Wa pili ulikuwa krosi iliyotua juu ya kichwa cha mshambuliaji kana kwamba ilibebwa kwa mkono, na wavu ukatikisika. Isukuti ililia, filimbi ya Namalwa ikapasua masikio, na Mwalimu Shikanga alijikuta amesimama, kofia imeanguka, mikono yote miwili iko juu. Kisha aliketi upesi, akatazama kulia na kushoto kuona kama ameonekana.

Jumamosi iliyofuata, kabla Hassan hajamaliza kuvimwaga vizibo, Namalwa alichagua kimoja, akakiweka kushoto, kifudifudi kama vya wenyeji.

"Leo sheria yako tunaivunja, Mwalimu, utuadhibu ukitaka. Klabu ya Nairobi imesema kijana achague mwenyewe: abaki hapa msimu mwingine, au aende kwingine. Sisi tunamtaka."

"Nne-tatu-tatu," Wekesa alisema, na safari hii hakuna aliyembishia.

"Nenda umwambie wewe," alisema Hassan. "Atasikia ya nani kama si yako?"

Mwalimu alikitazama kizibo kile. Hakukigeuza.

Siku iliyofuata aliagiza kuku achinjwe. Emily alisonga obusuma, ugali wa kwao, akapakua ingokho, kuku yule, kwa mchuzi mzito, na Sydney akafika alasiri akiwa na viatu vyake vya mpira vikining'inia begani.

"Mulembe, Kuka," alimsalimu babu yake.

"Mulembe, mwanangu. Nawa mikono."

Katika nyumba ile, kama katika nyumba nyingi za Waluhya, firigisi ya kuku ilikuwa ya mwenye nyumba. Hailiwi na mwingine, ila mwenyewe ampe kwa mkono wake mtu anayemtukuza. Mwalimu hakukumbuka kuwahi kuitoa. Askofu alikula mezani pale akaambulia paja. Siku ile aliichukua kutoka sahani yake, akaiweka katika sahani ya Sydney. Emily aliona, akaondoka taratibu kwenda jikoni.

Kijana aliitazama. "Kuka, hii ni yako."

"Leo ni yako. Mashabiki wamekaa. Wanataka ubaki. Na mimi..."

"Na wewe, Kuka?" Sydney aliinua uso. Alikuwa ameacha hata kutafuna.

Maneno yalikuwepo. Ukuta wa Bukhungu, mguu wa kushoto, wimbo wa njiani, kofia iliyoanguka. Lakini koo la Mwalimu Shikanga lilikuwa limezoea kutoa amri na maonyo, na kilichotoka kilikuwa hiki:

"Na mimi sina pingamizi."

Sydney aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyethibitishiwa jambo.

"Nimekwisha kukubali timu ya Malindi," alisema. "Naondoka kesho."

"Malindi? Bila kuniuliza?"

"Kuka, ile siku ya kwa Hassan, Wekesa alikurekodi. Aliweka kwenye simu za mashabiki wote. Kule nyumba ya timu tuliisikiliza pamoja, mpaka Kipngeno akaizima." Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulisikia. "Sikukasirika. Nilijua ulikuwa mbele ya watu. Nikasema, tukiwa wawili ataniambia vingine. Nilikuja hapa Jumapili ngapi, Kuka? Tuliongea mahindi."

Akainyanyua firigisi kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukikishika kiwiko kwa adabu, akairudisha katika sahani ya babu yake.

"Mimi ni wa kupita. Hii ni ya mwenye nyumba."

Alimaliza chakula chake chote, akamshukuru bibi yake, akapeana mkono na babu yake, akaenda.

Emily alipokuja kuondoa vyombo, alikuta firigisi iko palepale, mchuzi umeganda pembeni yake.

"Hukuila?"

Mwalimu Shikanga alikuwa akitazama nje. "Anaupokea mpira bila kuuangalia," alisema.

"Nani?"

"Sydney. Kwa mguu wa kushoto. Tangu niwaone wachezaji sijaona wa namna hiyo. Nililijua hilo toka siku ya kwanza."

Emily alisimama na sahani mikononi. "Ulimwambia?"

Mzee aliinuka, akaichukua kofia yake, akatembea hadi langoni kwa haraka ambayo majirani hawakuizoea. Watu wengi walikuwa wakipita barabarani kuelekea mjini. Aliwatazama mmoja mmoja mpaka wa mwisho akaishia kwenye kona, na hakuna hata mmoja wao aliyebeba viatu vya mpira begani.