Ng'ombe wa Gatuanyaga na Habari za Nairobi

Stesheni yetu, Ndarugo TV, iko mjini Thika, juu ya duka la magodoro. Kamera tunazo mbili, na moja inafanya kazi. Hiyo ndiyo yangu. Msicheke. Zaidi ya miaka ishirini tumeshirikiana na Jumla TV ya Nairobi: mechi zao na habari zao za saa moja jioni huwafikia watu wetu kupitia kwetu, na kabla ya hapo tuna nusu saa yetu wenyewe, ya matanga, harambee na mifugo iliyopotea. Msomaji ni Aunty Rachael. Alianza kusoma kabla mimi sijajua kufunga viatu.

Sasa Jumla waliitaka hiyo nusu saa. Wakamtuma Madam Wavinya na mkataba mpya: tuonyeshe Nairobi kutwa nzima, Rachael apate nafasi ya kupumzika. Rachael akajibu kwamba yeye hupumzika Jumapili. Aliomba jambo moja tu, Madam akae studio jioni hiyo aone anachotaka kufuta. Madam alikubali. Tukampa kiti cha wageni, kile chenye mguu unaocheza, na hakuna aliyemwonya.

Rachael alisoma matangazo yake, la mwisho likiwa la Kimeu wa Gatuanyaga, aliyepoteza ng'ombe mwekundu wa pembe moja. Ilipofika saa moja, Oluoch, fundi wetu, akabonyeza swichi tujiunge na Nairobi. Kioo kikawa cheusi. Fundi wa Jumla alipiga simu kusema kwamba tingatinga la barabara kule Mugutha limekata kebo.

Kwetu kioo hakikai cheusi. Oluoch alimrudisha Rachael, naye akamsoma Kimeu upya. Simu zikaanza. Rachael huiweka simu yake ya mkononi kwenye maikrofoni ili wote wasikie, ndiyo desturi yake. Mama mmoja alikuwa amemwona ng'ombe karibu na soko. Mwingine akabisha, akasema yule ana pembe zote mbili. Kisha akapiga Maina wa bodaboda: anamfuata huyo ng'ombe polepole, taa imewashwa, vumbi tele, na sasa mnyama anakata kona kuingia kwa lango la mtu.

Hapo hapo kebo ikapona. Mkataba wetu ni kwamba Nairobi ikirudi, tunajiunga mara moja, na Oluoch ni mtu wa mkataba. Akabonyeza. Thika nzima ikaangaliana uso kwa uso na waziri akieleza uchumi.

Simu zote mbili za ofisi zililia kwa pamoja. Mimi nilikuwa nimeshika kamera, Oluoch ameshika kichwa, kwa hivyo moja ikapokelewa na Madam mwenyewe. Aliyepiga alikuwa cucu, nyanya mmoja wa Kiganjo, na sauti yake tuliisikia sote.

"Wewe ni nani? Haya, sikia, mwambie huyo waziri angoje. Ng'ombe imeingia kwa nani?"

Madam alijaribu kumweleza kuhusu ratiba ya kitaifa. Cucu akauliza tena, ameingia kwa nani. Ile simu ya pili ilikuwa bado inalia. Madam akamgeukia fundi wetu.

"Oluoch, rudisha ng'ombe."

"Na mkataba, Madam?"

"Mkataba si ni wa kwetu Jumla? Rudisha ng'ombe."

Waziri akaondoka. Maina alikuwa bado kwenye simu ya Rachael, amesimama uani, anacheka mpaka hasikiki vizuri.

"Aunty Rachael, hapa ni kwa Kimeu mwenyewe. Ng'ombe imejirudisha. Bibi yake ako hapa anawaangalia kwa TV. Sasa ni Kimeu amepotea, alienda kuitafuta."

Rachael hakutabasamu hata kidogo. Alitazama kamera yangu na kumtangaza Kimeu: shati la kijivu, gambuti nyeusi, popote alipo arudi nyumbani, chakula kiko tayari.

Madam alipotulia, maana alikuwa akifuta machozi ya kicheko kwa ule mkataba mpya, alisogea karibu na meza.

"Nusu saa ni yako, mama. Na hii ya leo naomba niende nayo, Nairobi waionyeshe nchi nzima kesho."

"Chukua," Rachael akasema. "Lakini nipishe kwanza kwa kamera. Kuna kwaya ya Ruiru inatafuta mpiga kinanda, na sijawasoma."