Mama Yake Kimulimuli

Kwa miaka ishirini na miwili, Bibi Herufi ndiye aliyeandika kwa mkono kila neno linalosemwa na Kimulimuli, yule shujaa wa katuni anayeruka angani mwili ukimwaka. Waandishi walikuja wakaondoka, wachoraji wakazeeka. Mwandiko ulibaki ule ule.

Ndipo mhariri akaleta watu wapya: mwandishi anayevaa miwani ya jua ndani ya nyumba, na mchoraji asiyefungua kinywa. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wakasema ofisini. Bibi Herufi akasubiri huko kupona.

"Tunamzaa upya," mwandishi alisema. "Haruki tena. Anatafakari."

Kweli, kurasa kumi na mbili shujaa alikaa dirishani akitazama mvua. Ukurasa wa kumi na tatu, simu ikalia: mama yake, anauliza kama amekula.

Bibi Herufi akaweka kalamu chini. "Mwanangu, mama huyu alikufa toleo la arobaini. Maneno ya kaburini niliyaandika kwa mkono huu."

"Shangazi, nani anakumbuka ya zamani?"

"Wewe umesoma mangapi?"

"Nilisoma muhtasari."

Mhariri akakohoa, akasema vijana waachwe wafanye kazi. Bibi Herufi akasonya, akamwandikia marehemu maneno yake, tena kwa mwandiko wa kupendeza. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na yeye hakuwa mganga wa mifupa.

Toleo lilitoka Jumatatu. Kufikia Alhamisi barua zilikuwa zimefunika meza ya mhariri. Mwalimu mmoja mstaafu aliandika: "Mama huyu nilimlilia mbele ya darasa zima. Machozi yangu mtanirudishia lini?"

Kikao kikaitwa. Mwandishi hakupepesa macho. "Ni mzimu. Nilipanga hivyo tangu mwanzo."

"Mzimu wenye simu," alisema Bibi Herufi.

Mchoraji akaangua kicheko. Ndiyo sauti yake ya kwanza kusikika mle ofisini. Mhariri akamwomba Bibi Herufi awe anamwelekeza mwandishi kila Jumanne.

"Mimi kazi yangu herufi," akajibu. "Kusoma afundishwe na aliyemwajiri."

Alasiri, mchoraji akaja mezani kwake peke yake. Aliomba kuazima matoleo arobaini ya mwanzo. Bibi Herufi akamtazama juu mpaka chini, kisha akavuta droo na kumpa mawili.

"Kanawe mikono kwanza," akamwambia.