Baba Alistaafu Kabla ya Kustaafu

Mama alimstaafisha baba mwaka mzima kabla mwajiri wake hajafanya hivyo. Ilikuwa Jumapili mchana. Baba amejinyoosha kwenye kochi, soksi moja mguuni, nyingine sijui iko wapi, na mama akatokea na mkasi wake wa vitambaa mkononi.

"Kuanzia mwezi huu umestaafu," akasema.

"Nimestaafu? Mama Watoto, kesho naingia zamu ya asubuhi!"

"Ingia. Kiwandani bado una kazi. Hapa nyumbani huna."

Baba alikuwa fundi mkuu wa mashine za kuchapia vitabu, na pensheni yake ingekuwa kama nusu ya mshahara. Mama, ambaye hushona nguo kibarazani, alikuwa ameshaupanga mwaka wote kichwani. Wangeishi kwa nusu hiyo kana kwamba mshahara haupo. Nusu nyingine ingeingia kwenye mfuko wa uwekezaji, ule ambao ukiihitaji pesa yako unaiomba, na baada ya siku chache unaipata. Kama nusu haitoshi, alisema, heri wajue sasa, wakati mshahara bado unaingia.

Mimi ni mtu wa kuropoka, basi nikaropoka. "Mama, nina saluni, namshukuru Mungu. Mtakosaje na mimi nipo?"

Mama hakucheka. "Bibi yako alikuwa ananipigia simu kila mwisho wa mwezi. Nilimpenda, wewe unajua. Lakini simu ikiita naangalia jina lake kwanza, napiga hesabu, ndiyo napokea. Sitaki simu yangu iangaliwe hivyo."

Nikainama kutafuta soksi ya pili ya baba.

Mwezi wa kwanza pesa ikakata kabla mwezi haujaisha. Wa pili vilevile. Mama alipunguza nyama, akakatisha malipo ya televisheni, akapunguza sukari mpaka baba akawa anakunywa chai kama anayemeza dawa ya minyoo. Bado haikutosha, na sote tulijua kwa nini, ila hakuna aliyethubutu kusema.

Karibu na kiwanda kuna mgahawa, na humo baba yangu hakuwa na jina jingine ila Bosi. Hakuwa bosi wa mtu. Waliitana majina kwa matendo, na yeye alikuwa analipa. Akiingia tu, vijana wa kiwandani wanaagiza chai, mayai na mkate bila hata kuuliza bei, na yeye anaingiza mkono mfukoni kifua mbele. Miaka nenda, miaka rudi. Mama hakumkataza. Usiku mmoja alimuuliza tu, huku akitunga uzi kwenye sindano, "Eti, mstaafu ananunulia watu wangapi chai?" Baba akageukia ukutani.

Siku aliyojibu swali hilo nilikuwepo, maana alikuwa amesahau funguo nyumbani na nikampelekea. Meza ilikuwa imeshajaa sahani. Baba akasimama, akashika mgongo wa kiti.

"Jamani, kuanzia leo kila mtu ajilipie. Na mimi najilipia."

 Mmoja akauliza, "Vipi Bosi, umefilisika?"

"Sijafilisika. Niko mazoezini."

Wakaangua kicheko, naye akacheka, lakini kiti hakukiachia. Nilitamani nimkumbatie palepale mbele ya watu. Tumezoea kumsifu anayetoa. Mimi siku ile nilimvulia kofia baba yangu kwa kuweza kukataa mbele ya watu waliozoea mkono wake. Mwezi ule pesa ilifika mwisho wa mwezi, na mama akanunua sukari.

Mwaka ukaisha, baba akastaafu kwelikweli, akapewa saa ya ukutani na hotuba ndefu kuliko zamu. Na hapo ndipo mambo yalipoanza. Pensheni haikuja. Karatasi moja ilikosa muhuri, ikarudishwa. Ikapata muhuri, ofisa akawa likizo. Wenzake waliostaafu pamoja naye walianza kukopa huku na kule, na mmoja aliuza makochi yake, wageni wakawa wanakaa kwenye ndoo.

Nikawa nasubiri. Miezi ilikuwa imeshapita mitatu simu yangu ilipoita saluni, na jina lilikuwa la mama. Kwenye droo nilikuwa na bahasha ya pesa niliyoikusanya kwa taabu ninunue mashine ya pili ya kukaushia nywele. Nikaangalia jina. Simu ikaita, nikaifikiria bahasha, ikaendelea kuita, ndipo nikapokea.

"Njoo Jumapili," akasema mama. Basi.

Nilikwenda na bahasha. Baba alikuwa kwenye kochi, soksi moja mguuni. Niliiweka bahasha mezani hata kabla sijakaa, kwa sababu sikutaka kumsikia mama akiomba. Mama akaichungulia.

"Hii si ya mashine yako ya nywele?"

"Nitanunua siku nyingine."

"Mwanangu," baba akasema, akikoroga chai yake kwa madaha, "sisi tunakula ule mwaka wa mazoezi. Na bado hatujafika hata katikati yake." Akaongeza kijiko kingine cha sukari ili nione.

Mama akanirudishia bahasha kiganjani, akavifunga vidole vyangu juu yake kimoja kimoja. "Nilikuita ujaribu gauni. Nimekushonea." Akachukua pini zake. "Simu iliita sana siku ile."

"Nilikuwa na mteja, mama."

"Sawa," akasema, na akaanza kunipima kiuno. Nilisimama katikati ya sebule na bahasha yangu, machozi yananitiririka, na yeye alijifanya haoni.

Wiki iliyofuata simu ikaita, na mimi dawa ya nywele imenijaa mpaka viwikoni. Nilipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha. Mteja akalalamika kwamba nimemdondoshea dawa shingoni. Mama hakuwa na shida yoyote. Alitaka tu kujua kama gauni linanibana.