Wimbo wa Mwajabu Watoka Tena

Farida aliingia uani na simu mkononi, sauti imefunguliwa mpaka mwisho, anacheza kabla hata hajavua viatu.

"Bibi, umeimbwa!" alipiga kelele. "Njoo usikie, kuna wimbo una jina lako!"

Bibi yake, Mwajabu, alikuwa amekaa kwenye kigoda mlango wa jikoni, anachambua mchele. Alichosikia kwanza ni besi, ile besi inayotembea peke yake kabla ngoma hazijaingia, na mikono ikaacha kuchambua. Hakuhitaji kungoja maneno. Maneno alikuwa nayo kifuani tangu mama yake Farida hajazaliwa.

*Mwajabu, mama gani wewe,* sauti ya kijana iliimba, tamu, imejaa machozi. *Mwana anakata roho, wewe uko dansini.*

"Soul ya kizamani hii bibi, funk kabisa!" Farida alisema, mabega yanapanda na kushuka. "Kuna kampuni ya ng'ambo imezipata kanda za bendi moja ya Temeke, Sandali Soul. Wanatoa santuri upya, wametanguliza huu mmoja mtandaoni. Watu wamepagawa! Mpaka madijei wa singeli washaanza kuukatakata."

"Zima."

"Eh, bibi naye! Jina tu hilo. Akina Mwajabu wako wangapi Dar hii?"

"Nimesema zima, mwanahizaya wewe!"

Farida akazima. Bibi na mjukuu hawa walizoea kutaniana mpaka majirani wa Kipawa wakawa wanasogeza viti kusikiliza, lakini sauti ile haikuwa ya utani. Mwajabu akarudi kwenye mchele wake. Alitoa chuya akaiweka kwenye sufuria, punje safi akazitupia kuku, na hakugundua mpaka ungo ulipobaki mtupu.

Sasa sikilizeni, maana Farida hakuambiwa siku ile. Mwajabu wa wimbo ndiye huyu huyu. Na aliyemwimba, Suleiman, alikuwa mumewe.

Enzi hizo Suleiman alikuwa Suleiman kweli. Suruali za bugaluu zilizopanuka chini, viatu vya raizoni vya soli nene, nywele amezichana mpaka kofia haikai. Sandali Soul walipopiga, vijana walitoka hata Kinondoni kuja Temeke kucheza. Mwajabu alikuwa binti mdogo mwenye mtoto mchanga, Nassibu, na dansini hakuwa na muda wa kwenda hata angetaka. Usiku ule Nassibu alipochemka homa na macho kugeuka, alimtuma jirani akamwite baba yake ukumbini. Jirani akarudi na jibu: anamaliza seti ya nyimbo, anakuja. Mwajabu akamfunga mtoto mgongoni kwa kanga, akaenda hospitali kwa miguu, gizani, anakimbia na kusoma dua. Alipofika na kumfungua, mtoto alikuwa ameshakufa. Hakujua ni wapi njiani. Hilo ndilo lililomla miaka yote, kwamba kuna mahali alikuwa amebeba maiti na bado anaibembeleza.

Msiba ukaisha, na Suleiman akaketi akatunga. Akageuza kila kitu juu chini: baba yuko nyumbani analia na mtoto, mama yuko dansini na viatu vya kisigino. Loh! Mji mzima ukaucheza. Wanawake walimtemea mate sokoni. Mama mmoja alimkataza asimshike mwanawe shavu. Suleiman akampa talaka yake, na Mwajabu akahama Temeke na kanga mbili, akaolewa Kipawa na Marijani, fundi seremala, mtu mpole wa kuzaliwa. Marijani alijua. Hakuwahi kumuuliza neno, ila wimbo ukitokea redioni aliinuka taratibu akaibadilisha stesheni, kisha akaendelea na chai yake. Mungu amrehemu. Bendi ikafa, kanda zikapotea, watu wakasahau. Mwajabu akawa Mama Hamisa, akawa bibi, akawa mtu anayeitwa kwenye uzazi na mazishi kwa sababu ana mikono mizuri na watoto.

Kilichomkera zaidi kuliko wimbo ni radhi.

Kwani miezi michache nyuma Suleiman alimfuata Kipawa, kanzu nyeupe, kofia ya mkono, bakora. Anakwenda Hija. Na mwenye kwenda Hija huzunguka kuomba radhi kwa kila aliyeishi naye, ndiyo desturi. Hamisa, mama yake Farida, alimtandikia mkeka; mzee akakaa, akasema yale yanayosemwa siku zote: "Mama Hamisa, kama kuna lolote nililokukosea, kubwa na dogo, nisamehe kwa ajili ya Mungu." Na Mwajabu akajibu yanayojibiwa siku zote: "Nimekusamehe, nenda salama." Nani anauliza "lipi?" Haiulizwi. Anayeuliza anaonekana ana roho mbaya. Alimsindikiza mpaka barabarani, na usiku ule akalala usingizi mzito, akisema moyoni kumbe jambo linaweza kuisha.

Kumbe siku ile mzee alikuwa ameshatia saini mkataba wa kuutoa wimbo upya! Ameomba radhi ya jana na ya kesho kwa pamoja, na Mwajabu ameitoa yote kwa mkupuo.

"Huyo mwimbaji," alimuuliza Farida jioni, kwa sauti ya kutojali, "yu hai?"

"Yupo! Jumamosi wanamhoji kwake Sandali, huko huko Temeke, itarushwa moja kwa moja. Kuna braza anaitwa Fredrick, mkusanyaji wa santuri wa Kinondoni, ndiye anawafanyia kazi wale Wazungu."

"Basi Jumamosi utanisindikiza. Mie nafahamiana naye."

"Bibi! Unamjua mzee Suleiman, na ulikuwa unaniangalia tu?"

Jumamosi walikodi bajaji. Farida alijiremba hasa, na njia nzima alikuwa akisimulia santuri hiyo itakavyokuwa: jalada la rangi, picha za bendi na kijitabu ndani chenye historia ya kila wimbo. Kijitabu! Mwajabu alitazama nje. Aliwaza wajukuu wake wote wameinamia kijitabu hicho, na siku mmoja wao atakapojumlisha mbili na mbili. Watamtazama mikono hiyo iliyowalea, kana kwamba ndiyo iliyomwacha mtoto afe. Hilo hakuwa tayari kulivumilia, afadhali afe.

Nyumba ya Suleiman ilikuwa imefagiliwa mpaka mchanga ukachorwa mistari ya ufagio. Wanaume walikuwa wamekaa barazani, na Fredrick alikuwa anasimamisha kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, kijana mwenye adabu, aliyempa Mwajabu shikamoo kwa kuinama. Suleiman mwenyewe alikuwa amevaa shati la maua. Miaka mingi amekuwa fundi feni tu, mzee anayekaa na bisibisi kivulini, na leo vijana wanatoka mbali kuja kumshika mkono. Alikuwa anang'aa. Alipomwona Mwajabu kwenye kizingiti, ule mng'ao ukamtoka.

"Shikamoo babu!" Farida alisema, karibu apige goti mpaka chini.

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibuni. Mama Hamisa, tuingie ndani kidogo."

Ndani Mwajabu hakukaa.

"Radhi yangu nimeitangua," alisema.

"Astaghafiru! Mwajabu, hayo ni maneno mazito. Mie naondoka mwezi ujao."

"Ndiyo maana nimekuja mapema. Uondoe wimbo, uondoke na radhi. Wimbo ukibaki, nenda hivyo hivyo, ukasimame huko mbele ya Mungu na Mwajabu hajakusamehe."

Suleiman akashika ukingo wa meza. "Siwezi. Kanda wanazo wao, saini nishatia. Na wanautaka wimbo huo huo. Bila huo, santuri hakuna, Sandali Soul haikuwahi kuwepo, na mie ni mzee wa feni." Akaiachia meza. "Wenzangu wote wamekufa, Mwajabu. Nimebaki peke yangu wa kusema tulipiga."

"Na mie nimebaki peke yangu wa kusema nilikimbia."

Hapo mzee akaangalia chini. Alianza kulia bila sauti, mabega tu. "Najua," alisema. "Siku ile yule jirani alikuja mpaka jukwaani akanivuta suruali. Nikaona ni homa tu ya watoto. Kisha nikashindwa kuishi na hilo, nikakubebesha wewe. Nimeuimba mpaka ikafika mahali nikawa nakuona kabisa ukicheza."

"Uliniona nikicheza? Mungu anakuona!"

"Nipe njia. Kuuondoa siwezi. Nipe njia nyingine."

Mwajabu aliwaza. Hasira alikuwa nayo, lakini alikuwa amekuja kuokoa jina lake, si kugombana. "Leo watakuuliza habari za wimbo," alisema mwishowe. "Waambie ni wa kutunga. Hakukuwa na Mwajabu yeyote. Ni jina lililokuja tu kinywani."

"Nikisema hivyo, umeniridhia?"

"Ukisema hivyo, mbele ya kamera, nitakuridhia."

Suleiman akafuta uso kwa kiganja kama mtoto. Aliona kaponea chupuchupu, na yeye Mwajabu aliona hivyo hivyo.

Wakatoka. Mwajabu akapewa kiti pembeni, Farida akasimama nyuma yake na simu yake mwenyewe anarekodi. Fredrick aliuliza habari za bendi, za gitaa la besi lililotengenezwa kwa mbao za mlango, za suruali za bugaluu. Suleiman akachangamka. Alichekesha watu. Hata Mwajabu, akijilaumu, alicheka mahali pamoja, pale aliposimulia mpiga ngoma aliyevunjikiwa kisigino cha raizoni katikati ya wimbo.

"Mzee," Fredrick alisema, akisogea mbele, "sasa huu wimbo wenyewe. Dunia nzima inauliza. Huyu Mwajabu, na yule mtoto anayekata roho. Hiki kisa ni cha kweli?"

Suleiman akatupa jicho pembeni kwa Mwajabu, akalirudisha kwa Fredrick.

"Hapana, mwanangu," alisema, na sauti yake ilikuwa laini, sauti ya jukwaani. "Ni wa kutunga. Hakuna Mwajabu. Nilihitaji jina linaloshika vina. Na mtoto pia hakuwepo. Hajawahi kuwepo mtoto."

Yule bibi alikuwa amepata alichokijia. Kila neno aliloliagiza lilisemwa. Angeweza kuinuka, akaaga, akarudi Kipawa na jina lake safi, na Farida angemtania njia nzima. Lakini moyo ulimwenda mbio kama usiku ule, na mgongoni, pale kwenye mfupa, akasikia uzito wa mtoto. Hajawahi kuwepo mtoto. Uongo wa kwanza ulimwibia jina, sawa, lakini ulimwachia mwanawe. Huu wa leo aliuagiza yeye mwenyewe kwa mdomo wake.

"Alikuwepo," Mwajabu alisema.

Fredrick akageuka. "Samahani, bibi?"

"Mtoto alikuwepo. Aliitwa Nassibu bin Suleiman, alikuwa ameanza kusimama kwa kushika ukuta. Na Mwajabu ni mie." Aliinuka, kanga ikamdondoka begani na hakuiokota. "Dansini sikuwepo. Nilikuwa barabarani nimembeba, na aliyekuwa dansini ni huyu hapa. Geuza hiyo kamera yako. Si mnataka kisa? Nitakitoa chote."

Akakitoa chote. Jirani, seti, kanga, giza, dua. Alikisema bila kulia, na aliposema hajui mtoto alikufia wapi, wanaume wa barazani waliinamisha vichwa, na mmoja akatoka nje ya geti. Suleiman hakukanusha.

Farida alikuwa ameshusha simu. Ile furaha yote ya asubuhi ilikuwa imemwisha usoni, na macho yake yalikuwa yamejaa. Mwajabu alimtazama akiogopa, maana hukumu aliyoiogopa miaka yote ilikuwa ya mtu kama huyu. Akangoja mjukuu wake amtazame mikono.

"Bibi," Farida alisema, "alifanana na nani?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza. Mwajabu akafungua mdomo ajibu, na jibu halikuwepo. Uzito wa mtoto alikuwa nao, na joto lake, na harufu ya mafuta ya nazi kichwani, lakini uso, uso wenyewe, ulikuwa umefutika. Picha hawakuwahi kupiga. Alitafuta huku na huku ndani mwake kama mtu aliyedondosha ufunguo, na Farida anangoja.

"Alikuwa na kidevu cha mama yako," sauti ya Suleiman ilisema. "Kilichogawanyika katikati. Na akicheka, jicho la kushoto lilianza kufumba kabla ya la kulia."

Mwajabu akamgeukia. Duniani kote walibaki watu wawili waliowahi kumwona mtoto yule, na mmoja wao ndiye huyu. Alimchukia, Mungu shahidi, alimchukia vilevile kama asubuhi. Radhi hakumpa. Akavuta kiti chake, akakisogeza mpaka magoti yao yakakaribia kugusana, akakaa.

"Sema tena," alimwambia.