Nyumba Isiyo na Msumari

Gwamaka mwenyewe anakiri: siku ile mjinga alikuwa yeye, wala hakuwa na mshindani.

Alikuwa ametengeneza kifaa cha kupima sumaku hafifu, ile isiyoweza kuinua hata pini. Waya wa shaba mwembamba kama unywele aliuzungusha kwenye kiini chake kwa mkono, mizunguko mia nane. Lakini kukijaribia mjini Tunduma kulimshinda. Lori likisogea tu kwenye foleni ya mpakani, kifaa kinahisi chuma chake na namba zinacheza. Ndipo akaikumbuka nyumba ya marehemu baba, kule milimani Ileje: mianzi, udongo, nyasi na kamba za magome, bila msumari hata mmoja. Mahali pengine pa kukijaribia hakuwa napo.

Akamkuta kaka yake, Boazi, ameshaleta mafundi wa kuibomoa ajenge ya matofali na bati. Wakabishana weee, mwisho wakawekeana sharti.

"Sawa, injinia," Boazi alisema. "Namba zikitulia kabla ya saa sita, nyumba inabaki. Zikicheza, shoka linaingia."

Gwamaka akakiweka kifaa juu ya kigoda, palepale baba alipozoea kuota moto. Akainama kusoma. Namba zinacheza. Akatoa majembe, akatoa sufuria, akarudi kuinama. Zinacheza. Akamwomba mama yao, Loisi, avue bangili. Zinacheza tu! Boazi alikuwa amesimama mbali uani na simu yake, anatabasamu kama bwana harusi.

"Mdogo wangu, labda ni moyo wako unaodunda."

Zilibaki dakika kumi. Gwamaka akaketi sakafuni, amechoka. Mianzi ilikuwa bado inanukia moshi wa miaka yote ile, na harufu hiyo ikamrudisha kwenye jioni za mahindi ya kuchoma, watoto wakisukumana kuwahi motoni, na baba akifoka: "Viatu! Humu haingii mtu na viatu!"

Akatazama miguu yake. Buti za kazi, alizozinunua Tunduma kwa maringo, zenye chuma vidoleni! Kila alipoinama kusoma, alikuwa anakisogezea kifaa chuma chake mwenyewe.

Akazivua, akazitupa kule uani. Akarudi peku, udongo ukimpoza nyayo kama zamani. Akainama. Namba zikatulia tuli, kama mtoto aliyeshiba akalala. Machozi yakamlengalenga, akasingizia moshi, na moto wenyewe haukuwa umewashwa.

Boazi akaja kuchungulia, akaguna.

"Haya, zimetulia. Lakini mama, kweli zama hizi nyumba ya nyasi? Watu watatucheka."

Loisi alikuwa anavaa bangili yake, taratibu.

"Nyumba ya bati unayo kule Mlowo, Boazi. Mbona kila Krismasi unaikimbia, unakuja kulala humu?"